Jinsi Nilivyonenepesha Mstari kwa Mkono Uliovunjika

Nibu ya kwanza niliyoiharibu haikuwa yangu. Naanzia hapo kwa sababu Jumamosi iliyopita, pale Kimisagara, hapa Kigali, ninapowafundisha kuandika kwa wino, mmoja wenu alinyoosha mkono akauliza anunue kalamu gani ili mistari yake inenepe na kukonda kama yangu. Wenzake wote wakatoa simu tayari kurekodi jibu. Nikasema tu, "Anza na hiyo uliyo nayo," tukaendelea na zoezi. Niliona nyuso zenu. Mlidhani nawaficha kitu.

Siwafichi. Ila jibu lenyewe ni refu, na ndani yake kuna aibu zangu nyingi. Nimeona heri niliandike.

Mimi nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wakimbizi huko. Nikasomea huko huko, na Kigali nimeijia nikiwa mtu mzima, Kiswahili mdomoni na Kinyarwanda cha kubahatisha. Nilipata kazi ya kupiga chapa kwenye ofisi ya chuo cha wauguzi. Mwaka wangu wa kwanza, wiki chache kabla ya mahafali, mkuu wa chuo aliona mwandiko wangu kwenye bahasha, akaniwekea rundo la vyeti mezani. "Konsolata, utaandika majina. Lakini si kwa bic."

Basi nikaenda Nyabugogo kutafuta kalamu ya wino. Chini ya ngazi za jengo moja la maduka, juu kidogo ya stendi, alikaa fundi saa aitwaye Mzee Hamadi, mtu wa Ujiji, mwembamba, viatu vyake daima vinang'aa kuliko saa alizotengeneza. Alitengeneza kalamu pia, na watu walimletea kadi za harusi awaandikie majina. Wapiga debe wa mabasi walipiga kelele mbele yake kutwa nzima, na yeye aliandika kana kwamba yuko msikitini.

Siku ile nilimkuta akibishana na mteja. Mnajua jinsi sisi Wanyarwanda tunavyochanganya "r" na "l". Yule bwana alikuwa akisema, "Muzee, mimi nataka karamu nzuri," na Mzee Hamadi akamjibu bila kuinua macho, "Karamu ni pilau na soda, katafute harusini. Hapa kuna kalamu." Mteja hakuelewa, mimi nikacheka. Mzee akaniangalia. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichonipa kiti.

Nilipomweleza shida yangu, alitoa kalamu nyeusi ya zamani, nibu yake laini, ya aina inayofunguka ukiikandamiza. Akaandika herufi moja tu, S kubwa. Mstari ulianza kama unywele, ukanenepa tumboni, ukarudi kuwa unywele. Sikuwahi kuona kitu kama kile kikitoka kwenye kalamu ya kawaida. Akanipa nijaribu. Nikakandamiza kushuka, sawa. Halafu, kwa ile furaha, nikakandamiza kupanda pia. Ncha ikajichoma kwenye karatasi, kalamu ikaruka, wino ukanyunyizika kwenye kanzu yake, na meno mawili ya nibu yakapishana kama miguu ya mtu aliyekaa akisubiri.

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Hamadi akaichukua, akaitazama kwa kile kioo cha jicho cha mafundi saa, akasema, "Haya. Sasa umejua mwisho wake uko wapi. Wengine huandika miaka kumi hawajui."

Akanikalisha nikaangalia anavyoinyoosha, jino moja moja, kwa ukucha wa kidole gumba na kipande cha shaba. Ilichukua saa nzima. Haikurudi kama ilivyokuwa, na hilo hakulificha.

Kwa hiyo la kwanza ni hili, na sitalipamba. Nibu laini ina meno mawili na ufa katikati. Ukikandamiza, meno yanaachana, wino unatoka mpana. Ukilegeza, yanarudi, mstari unakonda. Unakandamiza ukishuka tu, kuelekea kwako. Ukipanda au kwenda pembeni, kalamu inapita juu ya karatasi kama unampapasa mtoto aliyelala. Nguvu haitoki kwenye kifundo cha mkono. Ni kidole gumba na cha shahada, basi. Na unanenepesha pole pole na kupunguza pole pole. Anayekandamiza ghafla anapata bonge, si mstari.

Mzee Hamadi alinifanyisha mistari ya kushuka tu, nyuma ya kalenda zilizopitwa na wakati, wiki tatu. Mistari tu, hakuna herufi. Nilikwenda kila nilipotoka kazini. Nikiharakisha, wino ulishindwa kuifuata nibu, ukabaki mistari miwili myembamba kando na njia nyeupe katikati. Yeye alikuwa akiinamia karatasi na kusema, "Ahsante, umenijengea reli ya Kigoma. Treni inakuja lini?" Mkiona reli hiyo, msilaumu wino. Punguzeni mwendo.

Hivyo nikawa mwandishi wa vyeti wa chuo kile. Kazi ya kupiga chapa ikaenda kwa mwingine, na mimi nikapewa chumba kidogo chenye dirisha la mashariki. Sifa zikanipanda kichwani, nakiri. Niliwahi kumwandikia bibi harusi mmoja kadi zote kwa mikunjo mingi na mikia mirefu, hadi shangazi yake akaja kuuliza sherehe ni ya nani, maana hakuna aliyeweza kusoma jina la bwana harusi. Nilirudia kadi zote. Mikia nikaikata, na tangu siku hiyo najiuliza kwanza kama shangazi wa mtu ataweza kusoma.

Sasa nifike mahali penyewe.

Ilikuwa msimu wa mvua, nimeshaandika vyeti miaka kumi na zaidi. Nilipanda pikipiki kushuka Kimisagara, na kwenye kona moja gurudumu likateleza. Dereva hakuumia. Mimi nilitua kwa mkono wa kulia. Kifundo kilivunjika, na mshipa fulani wa kidole gumba ukapata matatizo. Nilikaa na plasta wiki sita, na ilipofunguliwa nikagundua kidole gumba hakina nguvu. Kushika kijiko niliweza. Kufunga kifungo, kwa taabu. Lakini nilipochukua kalamu na kukandamiza, mkono mzima ulitetemeka kama wa mtu mwenye homa.

Nilikaa mbele ya lile dirisha nikaandika A moja. Ilitoka kama imeandikwa garini. Nikaandika nyingine. Nikaandika ishirini. Sikulia, ila nilitoka nje nikasimama uani muda mrefu nikiangalia nguo za wanafunzi zilizoanikwa.

Mahafali yalikuwa yamebaki siku kumi na mbili. Vyeti mia moja na kumi na viwili. Msajili wa chuo wakati huo alikuwa Bwana Fausitini, mtu wa haki lakini asiyependa mashaka. Aliniita ofisini.

"Madamu Konsolata," akasema, "pole sana kwa mkono. Mimi ninafikiria tuchape kwa mashine. Mara moja tu. Si kosa lako."

"Ukichapa mara moja, hutarudi kwa mkono," nikamwambia.

Alijua ni kweli.

"Nipe hadi Alhamisi ya wiki ijayo, saa sita mchana," nikasema. "Kama kuna cheti hata kimoja kitakachokuwa hakijaandikwa, chapa vyote."

"Na kama vitakuwa vibaya?"

"Utachapa vyote pia."

Akaandika "Alhamisi" kwenye kalenda yake ya mezani, akaizungushia duara. Nilitoka pale sina hata wazo la nitakachofanya.

Nikaenda kwa Mzee Hamadi. Macho yake yalikuwa yameanza kuzibwa na mtoto wa jicho. Saa alikuwa ameacha, akiuza mikanda na betri tu. Nilimweleza. Akachukua mkono wangu, akakikunja na kukikunjua kidole gumba kama anavyojaribu kile kitufe cha kutilia saa ufunguo.

"Hiki hakitakandamiza tena," akasema. "Wacha kukilazimisha. Mstari haunenepi kwa nguvu peke yake. Unanenepa kwa umbo pia. Kainunue nibu ngumu, pana, ya chuma, zile za wanafunzi. Tuichonge mdomo."

Nikanunua kalamu tano za kawaida kabisa pale sokoni. Naomba mlisikie hili, nyinyi mnaotaka kuagiza kalamu kutoka nje: zilikuwa za kawaida kabisa.

Fikirieni patasi ya seremala. Ukiisukuma kwa upana wake inaacha njia pana. Ukiitelezesha kwa ubavu wake inaacha alama nyembamba. Ncha ya nibu ya kawaida ni duara, ndiyo maana mstari wake ni ule ule kila upande. Ukiisaga ikawa bapa kama patasi, mstari unanenepa na kukonda wenyewe kulingana na upande unaoelekea, bila kukandamiza hata kidogo.

Tatizo ni kwamba yeye hakuona na mimi sikuwa na kidole. Tukakaa pale chini ya ngazi, jiwe la kunolea kati yetu likiwa na maji kidogo juu yake. Mimi nasaga, yeye anasikiliza. "Unaegemea jino la kushoto," alisema, "linalia peke yake." Na kweli, nikitazama kwa kile kioo cha jicho, jino la kushoto limepungua. Mpiga debe mmoja wa basi la Huye alikuja karibu akaanza kuita abiria. Mzee Hamadi, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akamgeukia: "We bwana! Hatusikii nibu!" Yule kijana akatuangalia, akasema kwa Kinyarwanda, "Ego ko Mana," yaani Mungu wangu, akahamia upande wa pili.

Nibu ya kwanza niliisaga ikawa kali mno, ikachana karatasi kama wembe. Ya pili ikaenda mshazari, jino moja likagusa na lingine likaelea hewani, hiyo haiandiki. Ya tatu niliiharibu kwa haraka tu. Ya nne tukaisaga siku mbili. Juu kidogo, chini kidogo, kisha mbele, kisha pembe zake nikazilainisha kwa msasa laini, nikichora namba nane kubwa juu ya msasa huku na huku. Msisahau pembe. Nibu bapa isiyolainishwa pembe itakukwaruza hadi uichukie. Nikaichovya wino, nikaishika mshazari, mdomo wake ukielekea kona ya juu ya kulia ya karatasi, nikavuta mstari. Nilipoteremka kutoka kushoto kwenda kulia, ulikuwa mnene. Nilipopanda kutoka kushoto kwenda kulia, mwembamba kama uzi. Mkono ulikuwa umelegea kabisa na haukutetemeka.

Nilipiga ukelele. Mzee Hamadi akauliza, "Nini? Umeichoma?"

"Imekubali!"

"Basi usiizungushe," akasema. "Mshazari huo huo, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Ukizungusha kalamu vidoleni, umeharibu."

Ilikuwa Ijumaa. Ilibaki wiki moja kasoro siku moja. Na herufi zangu za zamani, zile za mikunjo, hazikufaa kwa nibu ile. Nilihitaji kujifunza alfabeti upya, mtu mzima wa miaka hamsini kasoro. Jumamosi na Jumapili niliandika majina ya ndugu zangu wote, wa Karagwe na wa hapa, hai na waliokufa. Jumatatu asubuhi nikampelekea Bwana Fausitini mfano mmoja.

Aliutazama. "Hii si maandishi ya chuo chetu."

"Ni mkono ule ule."

"Hapana. Ile ilikuwa inacheza. Hii imesimama."

"Ndiyo," nikasema. "Na mimi nimesimama. Alhamisi haijafika."

Akanirudishia. Akaonyesha kwa kidole lile duara la Alhamisi kwenye kalenda.

Niliandika ishirini na nane Jumatatu, thelathini Jumanne, arobaini na mbili Jumatano hadi usiku wa manane. Nikiandika majina manne, naweka mkono kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nahesabu hadi mia, naendelea. Wapishi wa chuo waliniletea hayo maji bila kuombwa. Karatasi za akiba zilikuwa sita, na nilizimaliza zote mwanzoni, kabla mkono haujazoea. Kuanzia hapo kila karatasi ilikuwa ya mwisho.

Na Alhamisi, saa nne asubuhi, nikiwa na vyeti vitatu tu vilivyobaki, nikamwandika Harerimana Anastazi kuwa Harelimana. Kwenye orodha kulikuwa na mwingine, Harelimana wa kweli, niliyemaliza kumwandika, na mkono ukaendelea na "l" yake. Niliiona herufi ikiwa imeshakauka, nene, nyeusi, imesimama wima katikati ya jina la mtu.

Mtu wa nje atasema, herufi moja tu, tena hapa Kigali ambako tunazichanganya kila siku mdomoni. Lakini muuguzi anapokwenda kuomba kazi, kitambulisho kinasema hivi na cheti kinasema vile, anarudishwa. Nilijua waliorudishwa. Na karatasi tupu haikuwepo.

Nikachukua wembe mpya. Kufuta wino kwenye karatasi nzito unalaza wembe karibu ubapa, unakwangua upande mmoja tu, kidogo mno, unapuliza vumbi, unakwangua tena. Ukiharakisha unatoboa. Kidole gumba kile kile kisichofaa ndicho kilichotakiwa kuushika. Nikaushikilia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikakwangua robo tatu ya saa. Kisha nikalainisha mahali pale kwa mgongo wa kijiko ili nyuzi za karatasi zilale, maana zikisimama wino unatambaa kama mizizi. Nikaifuta nibu hadi ikabaki na wino kiduchu. Nikaandika "r". Haikutambaa.

Vyeti vilivyobaki nikavimaliza. Saa sita kasoro dakika tano nikaweka rundo mezani kwa Bwana Fausitini, na kile cha Harerimana nikakiweka juu.

"Hiki nimekikwangua," nikamwambia. "Nilikosea herufi, na karatasi zimeisha."

Akakiinua dirishani. Akakigeuza. Akavaa miwani. "Mahali gani?"

Nikamwonyesha.

"Nisingeona. Kwa nini umeniambia? Sasa kimoja kina kasoro, vyeti havijatimia. Kwa mapatano yetu ninaweza kuchapa vyote."

"Unaweza. Lakini jina si langu wala si lako. Muulize mwenyewe."

Bwana Fausitini akamtuma mtu amwite. Anastazi Harerimana alikuja akikimbia, akidhani amefeli somo. Alikuwa mtu mzima, amekuwa msafishaji wa wodi miaka mingi kabla ya kujiunga na chuo, na viganja vyake bado vilikuwa na sugu za fagio. Msajili akamweleza kila kitu bila kupunguza: kwamba karatasi imekwanguliwa, kwamba mashine inaweza kumtolea safi.

Anastazi alikishika cheti kwa mikono miwili. Alisoma jina lake taratibu, midomo ikicheza, herufi baada ya herufi.

"Iko jina yangu," akasema. "Mama, ni wewe umeandika na ile mukono ya kuvunjika?"

"Ni mimi."

"Basi mashine ya nini? Muniachie hii."

Bwana Fausitini akavua miwani. Akachukua kalenda yake ya mezani, akaandika kitu pembeni ya lile duara, akaniambia, "Mwakani utaanza mapema, Madamu. Hizi presha mimi siziwezi."

Nikaandika vyeti vya chuo kile miaka tisa zaidi, kwa nibu ya kusaga. Nisiwadanganye, mwishowe mashine ilikuja. Wanafunzi waliongezeka, msajili mpya alikuwa na sababu zake, na nilimkabidhi funguo za chumba bila ugomvi. Mzee Hamadi alikuwa amerudi kwao Ujiji zamani, akafanyiwa upasuaji wa jicho moja, akanipigia simu kunieleza kwamba sasa anaona vizuri na kwamba ile nibu ya nne, akiikumbuka, ilikuwa bado imeegemea kushoto.

Kwa hiyo, wewe uliyeuliza ununue kalamu gani. Kama kidole chako kina nguvu na subira, tafuta nibu laini, ukandamize ukishuka, ulegeze ukipanda. Kama hakina, au kama huna pa kuipata, chukua ya shule, jiwe na msasa, uje tuisage. Utaharibu tatu. Njoo na tano. Na usiniambie kwamba mkono wako hauna kipaji. Sijawahi kuona kipaji mezani kwangu, nimeona tu watu waliorudi siku ya pili.

Kidole changu siku hizi kimezidi kuwa kigumu, hasa asubuhi za baridi kule kwangu Kibagabaga. Daktari ameniambia mistari kumi kwa siku inatosha, nisizidishe. Leo nimeandika kumi na mmoja.